Zile saa ambazo sichezi

Mjomba wangu alikua akicheza karata kila alasiri barazani kwao Mtongwe, chini ya mwarubaini, wazee wanne, mkeka mmoja, dele la kahawa tungu pembeni, na mchezo wao ulikua ni huohuo miaka yote, wahedi wa sitini. Kama huujui, karata zote jumla zina pointi 120 na upande utakaofika 61 ndo umeshinda, ree, yaani esi, ina 11, saba ina 10, yaani saba inamla mzungu wa nne, yule kingi, ambae mtu mgeni angeapa ndo mkubwa. Mimi nilikua mtoto wa kutumwa kashata, kwahiyo nilikaa hapo sana. Na kitu nilichokiona, mjomba alikua haangalii karata zake. Akigawiwa anazitazama mara moja, anazikunja mkononi, alafu macho yote kwa wenzake. Nikamuuliza mbona huziangalii, akanambia, "Zangu nishazijua mwanangu, sasa natafuta zao."

Namtaja mwanzo kwa sababu nimecheza poka ya pesa karibu miaka sita sasa, kasino moja upande wa Nyali, blaindi 50 na 100, yaani hela ya lazima wanayoweka watu wawili kabla karata hazijagawiwa, mchana niko kwenye makaratasi ya mizigo ya bandarini na usiku wa Ijumaa niko mezani, na kila mtu anaejua huniuliza siri ni gani. Wanategemea niwape karata. Ushike hizi, utupe zile. Ntazitaja, lakini kitu kilichonibadilisha ni kile cha mjomba, na imenichukua miaka miwili na hela nyingi kukikubali. Poka ya pesa huchezwa zaidi zile saa ambazo huna mkono, yaani huna karata za kuchezea.

Niseme hili mapema. Mjomba hakuweka hata shilingi moja kwenye karata, dini yake ilimkataza na aliishika, na najua Mombasa hii wasomaji wengi kwenu kamari ni haramu, mwisho. Sibishani na nyinyi wala siwaiti mezani. Nawaandikia wale ambao tayari wanakaa pale, maana nawaona wanavyoumia na nimeumia kama wao.

Sasa hesabu. Mchezo tunaocheza ni Texas Hold'em, karata mbili zako za siri, tano za wote mezani, kuna flopu ya tatu pamoja, turni ndo ya nne, na riva ya tano. Kwenye simu mtu anaweza kuona mikono mingi sana kwa saa moja, ila mezani na dila wa kweli anaechanganya kwa mkono, watu wanapiga stori, mwengine anahesabu chipu mara tatu, utapata mikono 25 mpaka 30 kwa saa, basi. Esi mbili huja mara moja kwa kila mikono 221. Piga mwenyewe, ni kama masaa nane ya kukaa, na hio ni wastani, unaweza kukaa wikendi mbili usizione. Pea yoyote, hata ya mbili mbili, ni mara moja kwa mikono 17. Na ukiwa na pea, kupata ya tatu kwenye flopu ni kama mara moja kwa kila nane na nusu. Yaani ukikaa masaa matano, kwa wastani umepata seti moja. Moja! Usiku mzima.

Mtu ambae hajaikubali hio hesabu ndo anaeanza kucheza jeki na nne kwa sababu zote ni kopa, manake amechoka kukaa, na kuchoka nakwambia kunakula hela kuliko bahati mbaya. Mimi nacheza kama mkono mmoja kwa kila mitano. Kwahiyo kwenye masaa matano, manne sichezi. Mwanzo nilikua nayaona hayo manne kama foleni ya feri, niko tu nangoja, natazama simu, najibu meseji, naagiza soda. Alafu mkono ukija naingia mchezoni bila kujua chochote kuhusu watu nilioketi nao masaa mawili.

Na kungoja hakuna gharama kubwa, hili watu hawalipigi hesabu. Meza ya watu tisa, kila mzunguko unalipa blaindi zako 150, kwa saa ni kama mizunguko mitatu, sh 450. Hio ndo kodi ya kiti. Wakati mkono mmoja wa kijinga unaondoka na elfu sita. Mashindano ndo tofauti, kule blaindi zinapanda kila baada ya muda na lazima usogee. Nadhani picha ya mashindano ndo imetuharibia wengi, tangu mwaka 2003 yule mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, alipoingia kwa tiketi ya mtandaoni ya dola 86 akaondoka Las Vegas na dola milioni 2.5, dunia nzima inaona poka ni kusukuma chipu zote katikati na kusimama. Kwenye meza ya pesa blaindi ni zilezile saa mbili usiku na zilezile saa nane. Hakuna anaekukimbiza. Chipu ya elfu ni elfu, ni unga, ni umeme wa tokeni, na unaweza kuinuka nayo dakika yoyote unayotaka.

Basi hayo masaa manne mimi nafanya nini. Naangalia. Kitu cha kwanza naangalia ni kiasi anachoweka mtu na alichokuja kufunua mwisho. Hio inashinda kusoma nyuso. Kuna ndugu mmoja kila akiwa na pea kubwa anapandisha mpaka 800, na akiwa na karata za kujaribu anapandisha 300, miezi na miezi, hajabadilika, na watu wanalipa ile 800 kama hawamuoni. Mikono inayofunuliwa mwisho ni elimu ya bure, mwengine ndo ameilipia, na wengi hapo ndo wanageuka kumwita mhudumu! Mimi hapo ndo nainama mbele. Alafu narudi nyuma kichwani, alikua wapi, nani alipandisha, turni alifanya nini, kwahiyo akiwa na mkono wa hivi huwa anafanya hivi. Ni ile kumbukumbu ya wahedi wa sitini, saba ya shupaza ishatoka, ree ya uru bado iko nje, nani anayo.

Nyuso ziko pia, lakini mara nyingi watu wanazisoma kinyume. Mkono ukitetemeka wakati wa kuweka chipu, wageni wanasema anaogopa, anadanganya, wanamlipa. Kutetemeka mara nyingi ni mtu amepata kitu kikubwa na damu inamchemka. Mtu akitazama karata ya mezani alafu jicho likashuka haraka kwenye chipu zake, imemfaa. Anaekutolea macho na kurusha chipu kwa kishindo, mara nyingi hana. Na muongeaji akinyamaza ghafla, mimi naweka karata chini.

Mimi ni mwanamke na mara nyingi niko peke yangu pale mezani, kwahiyo nina ziada ya kuangalia. Kuna anaeniita dada kwa upole na ananiachia poti, ile hela ya katikati, zikiwa ndogo ndogo, na nikimpandishia anaamini nina kitu, huyo mara mojamoja unaweza kumtisha. Na kuna yule hawezi, hawezi kabisa, kuweka karata chini mbele ya mwanamke. Atalipa na pea ya tano. Huyo simdanganyi hata siku moja, blafu kwake ni hela ya kutupa baharini, ila nikiwa na mkono wa kweli naweka kikubwa, naweka tena, na tena. Miaka ya mwanzo nilikua nakasirika na huyu mtu. Sikuhizi nikimuona ameketi natafuta kiti cha kushoto kwake, ili yeye aanze kuamua kabla yangu.

Hapo nimegusa kukaa nyuma, na sitalirefusha kwa sababu kila anaefundisha poka huanza nalo na wamesema kweli. Anaecheza mwisho ameshaona wenzake wamefanya nini. Mkono huohuo, esi na tisa mathalan, mimi naucheza nikiwa mwisho na kuutupa nikiwa wa kwanza, bila huruma.

Lakini la wingi wa watu kwenye poti, hilo halisemwi vya kutosha kwa meza zetu. Huku watu wanapenda kuingia. Mtu anapandisha, wanalipa wanne. Esi mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama asilimia 85. Dhidi ya wanne zinashuka mpaka kama 56. Ni mkono uleule, bado ni mzuri, bado unataka hela iingie, ila ule uhakika ulionao kifuani umeshapungua kama theluthi na wewe hujaambiwa. Kwahiyo mabadiliko mawili. Kwanza pandisha zaidi kuliko wanavyofundisha watu wa mtandaoni, ikiwa wanalipa 300 watano basi weka 600, 700, uone nani anabaki. Pili ukiwa na pea moja tu, hata ya juu, kwenye poti ya watu watano na mtu akaanza kupandisha turni, usioane nayo. Kupiga blafu kwa watu wanaopenda kulipa hakuna maana yoyote, hela ya meza hizi inatoka kwenye kulipwa ukiwa na mkono, inakuja polepole. Na nyumba, yaani kasino, nayo inakata asilimia yake kwenye poti mpaka kikomo chao, kwahiyo zile vita za poti ya 400 anaeshinda kwa kweli ni nyumba.

Sasa naja kwenye usiku ambao sikutaka kuuandika.

Ilikua Januari. Nina tisa mbili, flopu ikaja tisa, kingi na nne, kopa mbili mezani. Seti, ile moja ya usiku mzima. Poti ina 1,800 na nimebaki na kijana mmoja tu mwenye fulana ya mpira. Nikaogopa atakimbia. Nikaweka 300. Akalipa haraka. Turni ikaja kopa. Nikaweka, akapandisha, nikasukuma zote, akafunua kopa mbili, kopa zake zikawa tano na hizo zinaishinda seti, riva haikunisaidia, nikabaki na meza tupu mbele yangu.

Miezi mitatu nilikua nawahadithia watu vile nilivyo na bahati mbaya. Ati yeye kafuata kopa, mimi nina seti, dunia haina haki. Alafu siku moja nikakaa na kalamu. Anaefuata kopa akiwa nazo nne, zimebaki tisa za kumsaidia, karata inayofuata ataipata kama mara moja kwa tano. Mimi nilimuuzia kwa 300 kitu cha 2,100. Analipa moja apate saba, na nafasi yake ni moja kwa tano. Angekua mjinga KUTOLIPA. Ningeweka 1,200, hapo anatoa 1,200 kufuata 3,000, hesabu inaanza kumkataa, na akilipa analipa vibaya na mimi nafurahi hata akipata. Yani bahati haikunifanya kitu usiku ule. Mimi ndo nilimfungulia mlango na nikamshikia kiti.

Lakini sio hapo nilipoumia. Kuna kanuni kwenye poka ya pesa kwamba mkono ukishaanza huwezi kupoteza zaidi ya kilicho mezani mbele yako, huwezi kutoa mfukoni katikati ya mkono, ni kanuni nzuri, inakulinda. Ila mkono ukiisha unaruhusiwa kununua chipu tena. Na mfukoni nina simu. Kwenye simu kuna hela ya shule ya mwanangu, niliiweka hapo nilipe Jumatatu. Sijui nieleze vipi ile hali, masikio yanavuma, mwili wote una moto, na kichwa kinaongea kwa sauti ya upole kabisa, kinakwambia hio ni yako, amekuchukulia, irudishe tu uende nyumbani. Nilitoa elfu kumi. Zilikaa dakika arubaini. Sikumbuki mikono yenyewe, na kutokumbuka ndo ushahidi, mimi ambae naweza kukwambia mtu alifunua nini wiki mbili nyuma.

Nilivuka feri alfajiri na watu wanaotoka kwao kwenda kazini wakipishana na mimi, kina mama na ndoo za mahamri, na nikasimama ule upande wa bahari kwa sababu sikutaka mtu anitazame. Ada nililipa kwa mafungu mawili. Mwanangu hakujua. Mimi nilijua, na bado nikiandika hapa tumbo linakaza.

Kuanzia hapo mtaji wangu wa poka uko laini nyengine kabisa, simu nyengine ndogo, na ile simu kubwa inabaki nyumbani. Natoka na hela ya kununua mara mbili, ikiisha nimemaliza, dereva wangu wa tuktuk nishamlipa kabla sijaingia ili nisitumie hata nauli. Wanaojua mchezo wanashauri uwe na akiba ya kununua mara 20 au 30 kwa kiwango unachocheza, kwa meza ya elfu kumi ni laki mbili mpaka tatu, na mimi ilinichukua karibu mwaka kuzijenga, nikicheza mara moja kwa mwezi. Watu wakisikia laki mbili wanacheka, nani ana laki mbili ya kuchezea. Basi huna meza hio, ndugu yangu. Namaanisha kwa mapenzi. Meza itakuwepo mwakani. Na kama hela yenyewe ni ya mkopo wa simu, hata usifike mlangoni, sababu mtu anaecheza na hela anayoihitaji kesho hawezi kutupa mkono mzuri, na kutupa mkono mzuri ndo kazi yenyewe.

Nina daftari pia. Saa niliyoingia, saa niliyotoka, nilinunua ngapi, nimetoka na ngapi, na mstari mmoja au miwili ya uamuzi ulionisumbua. Nilikua naandika ushindi na hasara tu, na ilinidanganya sana, nilishinda wikendi nne mfululizo nikajiona bingwa na ukisoma leo ile mistari nilikua nacheza ovyo kabisa. Kwa mikono 140 kwa usiku, wikendi nne ni mikono mia tano na kitu, haisemi chochote, unahitaji mamia ya masaa kabla hela ianze kusema ukweli kuhusu mchezo wako. Kwahiyo naandika niliamuaje. Usiku wa hasara ya elfu nane naweza kuupa alama nzuri na nikalala. Sio rahisi! Lakini naweza.

Kuna mzee mmoja mezani kwetu anapenda mkono wa kumi na mbili, yaani karata ya kumi pamoja na ya mbili. Kila akizipata anacheza, na anakwambia Doyle Brunson alishinda nazo ubingwa wa dunia mara mbili, 1976 na 1977. Ni kweli kabisa, alishinda mkono wa mwisho na kumi na mbili miaka yote miwili. Ni mzee ninaempenda, ananiulizia mwanangu kila wiki. Lakini hio hadithi imemgharimu, kwa sababu anakumbuka mikono miwili na hakumbuki ile mia mbili ya katikati aliyoilipia mwenyewe.

Na kuna mzee mwengine, wa kimya. Nilimtazama miezi. Analipa, analipa, hapandishi. Akipandisha turni nimeona akifunua mara nne, mara zote nne ni pea mbili au seti. Ijumaa iliyopita nilikua na esi na kwini, nikapandisha 500, wakalipa watatu, flopu kwini, nane, tatu. Nikaweka 1,300, akabaki yeye tu. Turni tano ya uru, haina lolote kwa macho. Nikaweka 2,500. Akaangalia chipu zake, akachukua taratibu, akafanya 6,000.

Pea ya juu, esi pembeni. Mkono ambao miaka minne iliyopita ningesukuma zote bila kuvuta pumzi. Kijana wa kushoto akanambia dada lipa, huyo anakutisha. Nilikaa kama dakika, na nilichokua nafikiria sio karata zangu, nilikua naziona zile mara nne. Nikazisukuma kwa dila.

Mzee akavuta poti, karata zake akazirudisha zikiwa kifudifudi, hakufunua na mimi sikumuomba. Nikatoa daftari nikaandika saa tano na robo, esi kwini, nimetupa. Alafu nikaita chai, na nikageuza kiti kidogo ili nimuone vizuri yule kijana wa kushoto, alikua ndo kwanza anatazama karata zake.